Shingo ya Bibi Harusi

Ukunda, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Subira,

Asalaam aleikum. Natumai umefika bwenini salama. Barua hii nampa Mzee Nzai, mpishi wenu, kwa kuwa kila Ijumaa hurudi kwake Bongwe na hupita hapa kwangu. Jibu lako mpe yeye pia. Simu mmekatazwa, na jambo lenyewe si la kupitishia kwa simu ya matroni.

Usicheke. Unakumbuka shoga yangu Twaiba alivyopambwa kule Kinondo, wewe ukiwa likizoni? Jana kaniletea video. Nikajitafuta humo mpaka nikajiona. Nimekaa mstari wa mbele, nimevua mtandio kama wanawake wote, nimevaa dera langu la kijani, nacheka. Subira, mimi shingo sina. Kidevu kimeshuka hadi kifuani kama unga uliokandwa ukaachwa uumuke. Na nyuma ya kamera inasikika sauti ya Shangazi Biasha: "Huyu Asiya zamu yake ikifika mkufu tutamvisha wapi? Labda tumfunge kiunoni." Wanawake wakaangua kicheko. Nami kwenye video nacheka pamoja nao, maana sikuwa nimesikia.

Mfungo Tisa, huo wa Desemba, inshallah, ni zamu yangu. Nitakalishwa juu, kichwa wazi, shingo wazi, wanitazame kama samaki mnadani.

Yuko daktari Mombasa anayenyonya mafuta ya shingo. Hutoboa tundu tatu ndogo, hupitisha bomba jembamba, na siku hiyo hiyo unarudi kwako. Mgeni mmoja pale hotelini ameniambia kwao ni jambo la kawaida kama kung'oa jino. Mimi hukaa mapokezi, naona shingo za dunia nzima, na yake ilikuwa nzuri kweli. Pesa nimeshaweka, hilo lisikushughulishe.

Lakini kichwa changu kimechoka. Wewe ndiye msomi wa nyumba yetu, na tangu utotoni kusema uongo hujui. Soma, uliza, pima. Ukiniambia inafaa, nitakwenda. Ukiniambia haifai, nitaacha, nitajifunza kutembea nimeinua kidevu kama ngamia. Mama asijue.

Dadako,
Asiya


Msambweni, 11 Mei 2025

Mpendwa Dada Asiya,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne, mara mbili kati ya hizo nikiwa chooni, kwa sababu ndipo pasipo na watu. Nimefurahi umeniuliza mimi. Hapa shuleni watu hawaniulizi mambo, huniomba kalamu.

Dada, mimi naona haifai. Shingo yako ni ya marehemu nyanya, na mama husema nyanya alipokuwa bibi harusi wanawake waliisifu mikunjo ile, wakasema huyu hatakosa pa kuwekea dhahabu. Tena wewe ni mtu wa mtandio. Shingo yako wataiona mumeo na wanawake wa siku moja. Je, ni busara kutoboa mwili kwa ajili ya siku moja? Na Feisal alipoleta posa hakuja kuposa shingo. Mwili ni amana, dada, na mwenye amana huirudisha kama alivyopewa.

Sijasoma kitabu chochote bado juu ya jambo hili. Haya nimeyatoa moyoni. Kama nimekosea kwa maneno, nisamehe.

Mdogo wako akupendaye,
Subira


Ukunda, 18 Mei 2025

Subira,

Marahaba. Nimepata hotuba yako. Ungeongeza dua mwishoni ungepanda mimbari.

Nilikuomba usome, umenihubiria. Kwako ni rahisi. Umezaliwa na shingo ya baba, ndefu kama ya korongo, mkufu wowote unakupenda. Hujawahi kuchekwa nawe mwenyewe unacheka kwa kutojua. Nyanya alisifiwa, sawa. Waliomsifu wamekufa. Waliobaki wana simu.

Siku ya wazazi sidhani nitapata ruhusa kazini.

Asiya


Msambweni, 1 Juni 2025

Mpendwa Dada Asiya,

Shikamoo. Jana ilikuwa siku ya wazazi. Mama alituma salamu kwamba mguu unamsumbua, kwa hiyo nilikungoja wewe tu. Nilikaa kwenye benchi karibu na lango tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Kila buibui lililoingia nililitazama miguuni kwanza, nikitafuta viatu vyako vyekundu. Sikulaumu. Nakueleza tu.

Ulisema kweli, sikuwa nimesoma. Sasa nimesoma. Mwalimu Hesbon wa biolojia ameniazima kitabu kikubwa cha upasuaji, cha ndugu yake anayesomea udaktari. Nilimwambia ni kwa ajili ya klabu ya sayansi. Nimekaa nacho siku tatu, na kamusi pembeni.

Haya ndiyo niliyoyapata. Mafuta ya chini ya kidevu mara nyingi ni ya kuzaliwa nayo, hata mtu akijinyima chakula hayaondoki upesi. Yakishanyonywa, hayarudi kwa urahisi ila mtu akinenepa sana. Ngozi ya kijana, kama wewe wa miaka ishirini na minne, hujivuta yenyewe ikakaa sawa. Utavimba na kuvilia damu, labda wiki mbili au tatu. Utafungwa kitambaa cha kubana taya. Wengine hufa ganzi kidogo kidevuni, kisha hupona. Kitabu kinasema mgonjwa achague daktari aliyesomea kazi hiyo hasa, na amjibu kila anachomuuliza.

Nimeandika yale yanayokuhusu. Nimepima, dada, na nimeona inafaa. Naomba radhi kwa barua ya kwanza. Nilikuwa mjinga.

Je, kuna Jumamosi nyingine utakayopata nafasi?

Mdogo wako,
Subira


Ukunda, 15 Juni 2025

Mdogo wangu mpenzi, daktari wangu, mwanga wa nyumba!

Marahaba mara mia. Barua yako nimeibusu. Jumamosi ijayo nakuja, na mahamri ya mama nitakuletea, na viatu vyekundu nitavaa ili usipate taabu ya kukodolea watu miguu.

Nimekwenda Mombasa kumwona. Twaiba alinisindikiza. Daktari ni kijana mpole, ndevu kachonga vizuri. Akaniambia nivue mtandio. Mbele ya mwanamume! Najua ni daktari, najua dharura inaruhusu, Twaiba mwenyewe alinifinya mgongoni, "Vua, shoga, hukuja kuswali." Lakini haya zilinikamata. Nikausukuma nyuma kidogo, kidevu kikachomoza kama kichwa cha kobe. Akabonyeza huku na huku, akasema kwa hapo alipoona nafaa kabisa. Kisha akaniuliza maswali kama karani wa sensa: presha, sukari, dawa, hili na lile. Nikajibu yote.

Ni Jumatatu ya tarehe 30. Mama nimemwambia naenda kung'oa jino la mwisho. Ukimwandikia, uliza jino linaendeleaje.

Dadako,
Asiya


Msambweni, 22 Juni 2025

Mpendwa Dada Asiya,

Shikamoo. Asante kwa kuja jana. Mahamri yaliisha kabla ya magharibi, na wasichana wawili wasiowahi kusema nami walinisalimu kwa ajili ya yale mahamri. Mmoja aliuliza kama wewe ni dada yangu wa tumbo moja, maana u mchangamfu. Nilijivuna.

Tumemaliza mitihani ya nusu muhula. Insha yetu ilikuwa "Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga". Nimepata alama ishirini na mbili kati ya ishirini na tano. Jana nilitaka tuzungumze zaidi, lakini ulikuwa na furaha sana na muda ulikuwa mfupi.

Mungu akujalie Jumatatu ya tarehe 30 iwe ya kheri.

Mdogo wako,
Subira

Nilisahau: je, daktari aliliona sikio lako la kushoto? Nauliza tu.


Ukunda, 10 Julai 2025

Subira,

Ninayo! Nina shingo! Imevimba bado, ina rangi ya biringani, na nimefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini kama maiti aliyebadilisha nia. Lakini nikijitazama upande naona pembe pale palipokuwa mteremko. Nimelia kwa furaha, machozi yakaloanisha kitambaa.

Mama amenipikia uji siku kumi. "Jino gani hili, mwanangu, limekung'olea na uso?" Nikaitikia kwa kichwa.

Na sikio lina nini, msomi? Aliyenyonywa ni kidevu. Barua yako niliipata siku tatu kabla ya kwenda, nikacheka, nikaitia mkobani. Tundu ni moja chini ya kidevu na mbili nyuma ya masikio, ndogo kama za mbu. Hakuna atakayeziona.

Dadako mwenye shingo,
Asiya


Msambweni, 7 Septemba 2025

Mpendwa Dada Asiya,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Mwezi wa Agosti tulikaa nyumba moja wiki tatu na mtandio hukuuvua. Hukuuvua jikoni, wala chumbani tulipokuwa wawili tu. Siku ile nilipokuja nyuma yako kukusaidia pini, ulinipiga mkono. Kisha ukacheka, ukasema umeshtuka. Nami nikacheka. Lakini nilikuwa nimeshaligusa kovu, nyuma ya sikio la kulia. Ni gumu, na lina joto.

Dada, katika kile kitabu kulikuwa na aya moja ambayo sikukuandikia. Ilisema kuna watu ambao kovu lao haliishii palipokatwa. Linaota nyama, linavimba, linakua kupita jeraha lenyewe, na ni jambo la kawaida zaidi kwa watu weusi kama sisi. Ilisema mtu mwenye kovu la namna hiyo popote mwilini lazima aambiwe kabla ya kutobolewa, na huenda ikawa heri asitobolewe kabisa. Nilipoisoma nilikumbuka sikio lako la kushoto, lile tundu la juu ulilotobolewa ukiwa darasa la saba, na kile kinundu kilichoota nyuma yake, kikubwa kama korosho. Nilikumbuka papo hapo. Sitaki udhani nilisahau.

Sikukuandikia kwa sababu hukuja siku ya wazazi. Hiyo ndiyo sababu yote. Nilitafuta nyingine iliyo bora nikakosa. Nilikuwa nimekuambia haifai ukanikasirikia, nikaona nikikuambia tena kwa sababu ya korosho utanichukia mpaka harusi. Ulipokuja na mahamri niliketi kando yako saa mbili nzima, maneno yakiwa hapa mdomoni. Nikayageuza swali dogo, nikaliweka chini ya jina langu, mahali ambapo mtu huweka jambo lisilo na maana.

Naomba unijibu, hata kama ni kwa kunitukana.

Subira


Ukunda, 28 Septemba 2025

Subira,

Ni matatu. La chini ya kidevu ni kama kunde. Ya nyuma ya masikio ni makubwa zaidi na yanawasha, hasa jasho likiingia chini ya mtandio, na kazini mtandio ni masaa kumi. Shingo yenyewe ni nzuri. Ukitazama kwa mbele, kidevu nikikiinamisha, ni nzuri kabisa.

Nimemwambia mama sitaki kupambwa. Nikahi tu, kisha niende kwa mume wangu. Mama ameuliza kwa nini. Nimesema siku hizi watu wa dini hawapendi mambo hayo. Ameniangalia kama mtu asiyenijua. Mimi ni binti wake wa kwanza, Subira. Tangu nilipozaliwa anaweka leso kwa ajili ya siku hiyo. Na Shangazi Biasha ameshauliza kwa majirani kama kuna lililonipata ninaloficha chini ya buibui. Unajua wanawake wakiuliza hivyo wanamaanisha nini. Miezi mitano nyuma walicheka shingo yangu, leo wanapima tumbo langu.

Nilikuuliza wewe, nikaacha kumuuliza kila mtu mwingine, kwa sababu wewe husemi uongo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko haya matatu.

Usiandike kwa sasa.

Asiya


Msambweni, 5 Oktoba 2025

Dada Asiya,

Shikamoo. Umenikataza kuandika, nami nimeandika. Nitakuwa mfupi.

Sina la kujitetea. Kila siku nafikiri kwamba ningeandika mistari minne zaidi, ungekuwa na kidevu chako cha zamani, na mama angekuwa anakata leso zake. Labda ungenikasirikia. Hasira yako ningeizoea, kama ninavyozoea mambo mengi.

Wakikusingizia, mama ndiye anayeweza kuwanyamazisha, lakini hawezi kujibu jambo asilolijua. Tunafunga shule tarehe 24. Naomba umwambie mwenyewe kabla sijafika. Ukiona vigumu, nitakaa nawe tumwambie pamoja, na sehemu yangu nitaisema mimi. Sitamwambia nyuma yako. Lakini akiniuliza mimi, sitamjibu kwamba ni jino.

Subira


Diani, 18 Januari 2026

Mdogo wangu Subira,

Asalaam aleikum. Nakuandikia kutoka nyumba ya Feisal. Naandika "nyumba ya Feisal" na yeye amesimama hapa anasema andika "nyumba yetu". Haya, nyumba yetu. Amekwenda kununua maji, sasa naweza kusema.

Siku ile nilipomwambia mama, wewe ulisema sehemu yako kisha ukakimbilia nje kulia kwenye migomba, kwa hiyo hukuona. Mama hakulia. Alizima jiko, akaniambia nivue. Akatazama yote matatu, moja moja, kama anavyotazama mchele. Kisha akashika korosho ya sikio langu. Akasema, "Hili nimelitia mimi. Nilikutoboa kwa sindano ya kushonea mikeka, ukaumwa mwezi mzima, nikaona haya kukupeleka hospitali wakaniuliza nimetumia nini. Miaka yote hii sijakuuliza hata mara moja kama lakuuma."

Ndiyo maana alishona mwenyewe ile kanzu ya kola ndefu niliyopambwa nayo, na ndiyo maana alikusanya simu zote mlangoni. Ulimsikia Shangazi Biasha: "Bibi harusi ana baridi Desemba hii?" Mama akamwambia, "Biasha, kula biriani yako." Nilikaa juu pale dakika ishirini badala ya saa mbili, bila mkufu, dhahabu yote mkononi. Watu waliona ajabu, wakasema wakachoka. Picha ya shingo yangu hakuna hata moja. Nilitobolewa kwa ajili ya siku ile, na siku ile ndiyo niliyojifunika kuliko zote.

Sasa nisikilize. Ulilia ukisema umenifanyia wewe, nami nikakuacha ulie. Nilikuacha kwa makusudi, kwa sababu ilinipunguzia. Yule daktari aliniuliza, Subira. Ni katika yale maswali ya karani wa sensa. Alisema, "Una kovu lolote lililovimba au kuota nyama?" Kwa maneno hayo hayo. Twaiba alikuwa kando akinitazama, anajua. Nikasema, "Sina." Nilijua kwamba nikisema ninalo ataniambia nivue mtandio aone, na akiona atanikatalia. Hata siku ya kutobolewa, sikio nililibandika plasta, nikasema nimechanwa na pini. Kwa hiyo hata kama ungeandika aya yako kwa wino mwekundu, mimi ningekwenda. Ile barua niliyoiita uamuzi wako haikuwa uamuzi. Nilikuwa natafuta mtu wa kusema ndiyo ili nisiwe peke yangu.

Wewe ulinyamaza, hilo lako libebe. Usibebe langu.

Feisal ameyaona. Aliniuliza kama yanauma. Nikasema hapana. Yanauma. Ona jinsi ulimi wangu ulivyo mwepesi.

Jana Twaiba alikuja kunisalimu. Amejishika kidevu mbele ya kioo changu akaniuliza, "Shoga, sema kweli, inafaa?" Nikimwambia haifai, shingo yangu imepungua kweli, nikipita mbele ya vioo vya hoteli naiona, na kuna asubuhi naifurahia. Nikimwambia inafaa, usiku wa kuamkia jana nilijikuna mpaka mto ukaingia damu. Nikamwambia yangu haikunifaa mimi. Yako sijui. Akaniambia, "Wewe nawe umekuwa shehe." Akaondoka kanuna.

Kuna daktari wa ngozi, mwanamke, nimepewa siku ya kumwona katika likizo yenu ya nusu muhula. Wanasema makovu hayo huchomwa sindano mara nyingi, mwezi hadi mwezi, na huenda yakalala au yasilale. Feisal angenisindikiza, mama angenisindikiza. Nataka uje wewe. Nitavua mtandio wote, hilo nimeshajiahidi. Ila akianza kuniuliza, keti karibu yangu. Nikiruka jambo, sema. Hata nikikukanyaga mguu chini ya meza, wewe sema.

Dadako,
Asiya